Jino la Muhugu

Makongeni, Nairobi
Jumatatu, 8 Machi 1993

Kaka Andati,

Barua za watu huanza kwa "mimi mzima, hofu kwako." Hii haiwezi, kwa sababu hofu yote iko huku kwetu. Kanisa limevamiwa, kinanda chetu kimeibwa, na Mzee Matheka mlinzi hana vidole vinne vya mkono wa kulia.

Ilikuwa jana, kabla ya ibada ya kwanza. Matheka alikuwa akifungua madirisha. Watu watatu wakaingia na mapanga kana kwamba wameitwa kuja kufyeka nyasi. Wangemwacha, lakini unamjua yule mzee na ubishi wake. Alikikumbatia kinanda kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Wakaukata mkono uliokishika. Nilipofika na kwaya, wezi walikuwa wameenda, na mimi ndiye niliyeokota vidole kwa leso, maana Mama Asenath alikuwa ameanguka kwenye mimbari na vijana wote walikuwa wamesimama tu wakisema "haki ya Mungu, haki ya Mungu." Vitabu vya nyimbo vimeganda damu. Nimevianika.

Luseno, mwenyekiti wa vijana, amechukua usukani. Unamjua: yule anayemwandikia mjomba nyumbani kuuliza ng'ombe wangapi watatosha kwa ajili yangu. Amewapa vijana marungu na wanazunguka mtaa kutwa. Jana jioni walimvunja mbavu mchuuzi mmoja wa Muthurwa kwa sababu alibeba boksi refu. Ndani mlikuwa na mapazia.

Wanataka uwaambie jinsi ya kukitambua kinanda kama wezi wamekipaka rangi. Wewe ndiye uliyekipiga miaka yote kabla ya hoteli za Eldoret kukunyakua. Nilipowaambia kwamba vinanda vya aina ile si kimoja mjini, Luseno alinitazama akasema, "Nasambu, kwani wewe uko side gani?"

Jibu haraka, lakini andika kwa utulivu. Hawa watu si wa kuongezewa moto.

Dada yako,
Nasambu


Eldoret
13 Machi 1993

Dada Nasambu,

Utulivu umwombe mtu mwingine. Barua yako niliisoma nimesimama, nikavunja kikombe cha hoteli, na sasa natakiwa nikilipe. Matheka! Mtu anayewaombea panya wapate njia nyingine!

Waambie vijana wasikilize vizuri. Vinanda vile vya kidijitali vina sauti za kiwandani: kengele, piano ya umeme, tarumbeta, marimba. Sauti hizo ni zile zile, iwe ni Makongeni au Japani. Huo ndio uzuri wake na huo huo ndio ubaya wake. Gita lina koo lake. Likilia mtaa wa pili unajua ni la fulani. Kinanda cha kidijitali hakina koo. Kimejaa hesabu, na hesabu hazina mwenyewe.

Sikidharau. Kengele zake zinang'aa mpaka fizi zinawasha. Ukikigusa polepole kinanong'ona, ukikigonga kinafoka, kama Mama enzi zake. Lakini kiambie kipige ngoma ya isukuti, kitakupa sufuria. Sauti ya mtu hakiiwezi kabisa. Na kina pumzi ya sauti kumi na sita tu kwa mpigo mmoja. Ukiongeza ya kumi na saba, kinaimeza ile ya kwanza kimya kimya, hata haikuagi. Kutengeneza sauti mpya ndani yake ni kama kufagia nyumba kupitia tundu la ufunguo: kijioo cha mistari miwili, unabonyeza, unabonyeza. Tena ni kibishi! Ukitaka kufuta sauti moja, hata ya upuuzi, kinakuuliza kwanza kama una hakika, na hakifuti mpaka ubonyeze ndiyo. Nimewahi kukitukana kwa swali hilo.

Kwa ubishi huo huo nilikaa msimu mzima wa mvua nikiitengeneza sauti ya litungu, kinubi cha wazee wetu. Kiwanda hakikuwahi kuota litungu. Wimbi hili litikise lile, lile litikise lingine, mpaka siku ile wazee wa kanisa walipoacha kunung'unika wakalia. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisikia litungu ng'ambo ya mto na kusema, "Huyo ni Opicho, na leo amekunywa"? Basi sauti ile ni yangu namna hiyo. Hakuna kinanda kingine duniani chenye litungu lile. Mkilisikia popote, mmefika kwa mwizi. Msiulize maswali.

Na mkimpata, vidole kwa vidole. Waambie ni Andati amesema.

(Geuza ukurasa.)

Nimekunywa chai, nimepoa kidogo. Hayo ya vidole ni hasira. Wakikipata, waangalie jino la fa la mwisho upande wa kulia, lile lililovunjika nikiwa nimeshaondoka, Mzee Mbithi mchonga vinyago akatuchongea jingine kwa mti wa muhugu. Ni jekundu kama chai ya rangi, kipofu angeliona. Hakuna kiwanda kinachotoa jino la mti. Lisipokuwepo, msimguse mtu; niandikieni kwanza.

Nduguyo,
Andati


Makongeni
Jumanne, 23 Machi 1993

Kaka Andati,

Barua yako ilifika Ijumaa. Luseno aliichukua, na Jumamosi mchana akaisoma mbele ya vijana amesimama juu ya benchi. Alisoma ukurasa wa kwanza. Alipofika kwenye "vidole kwa vidole" walipiga kelele kama watu waliofunga bao, na ukurasa wa pili haukugeuzwa.

Kabla hawajatawanyika, mmoja akaja mbio. "Wasee, si mnaskia? Litungu hiyo, huko nyuma ya reli!" Wote wakatega sikio. Ilikuwa kweli. Ilikuwa sauti yako, na wimbo ule wa Mama wa kubembeleza mtoto.

Chumba ni cha Musau. Unamjua kwa sura: karani wa ghala kule Industrial Area, mpwa wake Mzee Mbithi, hupiga kinanda kwenye harusi. Walivunja mlango kwa chuma cha reli. Wakamtoa nje na kinanda chake, waya bado umemzunguka mguu. Luseno akamwambia, "Hebu cheza tena hiyo kitu."

Andati, yule kijana alidhani wamependa muziki. Alichomeka waya kwa jirani, akapiga tena. Alikuwa akitabasamu.

Basi wakasema ushahidi umepatikana. Waliilaza mikono yake juu ya meno ya kinanda chake mwenyewe wakaiponda kwa jiwe la mafiga, mikono na kinanda pamoja, wakisema kila pigo ni kidole cha Matheka. Wanawake walishangilia. Mtu alikwenda kutafuta tairi. Polisi walifika kabla ya tairi, na wakamkamata aliyekuwa chini.

Mimi nilifika mambo yamekwisha.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda na sufuria nikaokota meno ya kinanda kwenye mtaro. Niliyaosha moja moja. Yote ni ya plastiki. Nililitafuta la muhugu hadi nikatia mkono kwenye maji machafu, halikuwepo, na fa ya mwisho ya kulia niliiona: ilikuwa nyeupe, ina damu.

Ameshitakiwa kwa wizi wa mabavu. Hauna dhamana, Andati, na mwisho wake ni kamba. Walimfunga bendeji hospitalini wakamrudisha seli. Kesi itatajwa tarehe kumi na tisa Aprili. Polisi wanasema ushahidi wao mkubwa ni barua yako: fundi mwenyewe ameandika kwamba sauti ile haipo pengine duniani.

Mwandikie mkuu wa kituo. Mwambie sauti ya kinanda inaweza kuhama kutoka hiki hadi kile, na mweleze habari za jino. Mistari mitano inatosha. Mimi usinitaje.

Mwandiko umepinda kwa sababu taya linaniuma. Ni jino tu.

Nasambu


Eldoret
29 Machi 1993

Dada,

Nimeanza kumwandikia huyo mkuu wa kituo mara nyingi na kila mara nimechana. Nitakuambia kwa nini.

Sauti si mafua kwamba Musau ameambukizwa akipita nje ya kanisa. Kuinakili kwa sikio haiwezekani. Mimi mwenyewe nikiambiwa niitengeneze upya leo, sitaweza. Inahama kwa njia moja tu: unaleta katriji, kile kijisanduku cha kumbukumbu, unakichomeka kwenye kinanda chetu, unabonyeza, unaondoka nayo. Yaani Musau aliketi kwenye kinanda chetu, ndani ya kanisa lililofungwa. Kufuli lile lina funguo mbili. Moja anayo Matheka, ambaye hangemfungulia hata askofu bila barua. Nyingine anayo kiongozi wa kwaya, yaani wewe.

Na wimbo wa Mama? Mama hakuwahi kuuimba Ukambani. Alifundishwa na nani?

Unaniambia "mimi usinitaje." Unaniambia ulifika mambo yamekwisha, lakini unajua alivyotabasamu. Nasambu, mimi nimekulia mgongoni mwako, usinichezee. Kama ulimwingiza mtu huyo kanisani, akapima milango, akajua kinanda kinakaa wapi, basi vidole vya Matheka viko mlangoni pako. Kuhusu jino la mti, mwizi mwenye akili angeling'oa siku ya kwanza na kuweka jeupe.

Tena hata kama hakuiba kinanda, aliiba sauti yangu. Msimu mzima nilikesha nayo. Aliniomba?

Nijibu swali moja, nami nitaandika barua yako au sitaandika. Nani alimfungulia?

Andati


Makongeni
Ijumaa Kuu, 9 Aprili 1993

Andati,

Mimi. Nilimfungulia mimi, mchana kweupe, na Mzee Mbithi akiwepo. Sasa kaa chini usome mpaka mwisho, ukurasa wa pili pia.

Siku walipokuja kutia lile jino la muhugu, Musau alikifungua kinanda tumboni akakuta betri yake inakufa. Wewe ulituambia siku ya kuondoka, "Msiguse humo ndani," ukaenda zako Eldoret. Hukutuambia kwamba sauti zote zinaishi kwa betri ile, na kwamba ikizimika litungu lako lingefutika lote kama maandishi ya chaki. Hukutuambia pia kwamba ukiing'oa uweke mpya, zinafutika vile vile. Musau alijua. Akaenda kwake mbio akaleta katriji yake, akazitoa sauti zako akazihifadhi, akachomelea betri mpya, kisha akazirudisha. Alipopiga litungu na kusikia limerudi, alilia, na Mzee Mbithi akamcheka.

Hakuiba sauti yako. Bila yeye ungekuwa huna sauti ya kuibiwa. Mimi ndiye niliyemwambia, "Ibakize kwako pia, siku moja hiki kikifa tutakuja kuomba." Alikuwa amekuwekea akiba.

Na wimbo wa Mama nilimfundisha mimi, kwa sababu nampenda. Nimeshasema. Nilitaka mtu mmoja ajue kuupiga nitakapozeeka. Mjomba ameshapokea ng'ombe wawili wa Luseno bila kuniuliza, ndiyo maana nilinyamaza.

Tena sikufika mambo yamekwisha. Nilikuwa mbele yao mlangoni. Nilikuwa nimempokonya Luseno barua, nimeung'ang'ania ukurasa wako wa pili, nikapiga kelele, "Angalieni jino! Si hiki! Angalieni jino la mti!" Ulisema kinanda kikizidiwa kinaimeza sauti ya kwanza. Sauti ya kwanza pale kusema si yeye ilikuwa yangu, na zao zikaimeza. Luseno alinipiga ngumi hapa usoni mbele ya Mama Asenath na watoto wa shule ya Jumapili. "Toka hapo, malaya wa wezi." Meno yangu mawili yako kwenye mtaro ule ule. Nilipokuwa naokota ya kinanda nililipata moja langu, nikalitupa.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Ukisema ulimfungulia mshitakiwa wa wizi wa mabavu, wewe pia ni mshitakiwa. Nilitaka kumwokoa bila kujichoma. Ndio ubaya wangu, na wewe una wako: nimeomba mistari mitano, ukaniletea kesi.

Jana nimekwenda kituoni nikasema yote, na liwe liwalo. Askari aliandika, akapiga miayo, akaniuliza, "Wewe ni mtaalamu wa kinanda?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi lete mtaalamu." Nilimwona Musau kupitia nondo. Bendeji hazijabadilishwa. Mikono imevimba, ina harufu. Aliniuliza kama kanisa limepata kinanda chake.

Andika, Andati. Leo.

Nasambu


Eldoret
Jumatano, 14 Aprili 1993

Dada yangu Nasambu,

Barua yako nimeipata jana. Sitajitetea, ukinipiga kofi nitageuza shavu. Ya mkuu wa kituo nimeshaiandika, kurasa nne, nimeitia sahihi kwa wakili na kuituma kwa rejista asubuhi hii. Nakala hii hapa ndani, ipeleke kwa mikono yako. Lakini kuna zaidi. Keti.

Leo mchana Magan, mwenye duka la redio hapa mjini, alinitumia mtu: njoo unipimie kinanda, kuna kijana anauza, sitaki kununua maiti. Nikaenda. Kilikuwa mezani, kimepakwa rangi nyeusi ya viatu. Nilipokitazama upande wa kulia, nikaona jino jekundu kama chai.

Nilikiwasha. Nikabonyeza litungu. Likalia, Nasambu, safi kabisa! Betri ya Musau iko hai.

Nilimrukia yule kijana. Nakuambia ukweli: sikumuuliza kitu. Nilimpiga kwa kiti cha Magan mpaka mguu wa kiti ukatoka, na nilipomtupa nje watu walikuwa wameshajaa. "Mwizi! Mwizi huyo!" Unajua neno hilo linavyoita mawe. Mmoja alisema, "Mkono! Mkono gani uliiba?" Akamkanyaga kiganja, na yule kijana akanitazama mimi, si yeye. Hapo nikaiona barua yangu. Niliona mwandiko wangu kabisa pale chini kwenye vumbi.

Nikamlalia. Sina neno jingine. Nilimlalia kama blanketi. Nimepigwa mawe matatu, moja nyuma ya kichwa, na Magan akatuvuta wote wawili dukani akateremsha mlango wa chuma. Kijana alilia akasema alikinunua Muthurwa kwa watu watatu, na amewataja kwa majina polisi walipofika. Kumbe angekufa angekufa na majina yale.

Kinanda kiko kituoni hapa, wameniandikia karatasi, na Jumatatu nitasimama nacho mbele ya hakimu. Mwambie Musau nimekuja kuomba akiba yangu, na kumshukuru. Mwambie ashikilie siku hizi chache tu. Na Luseno mwambie ng'ombe wake nitawarudisha mwenyewe kwa fimbo.

Nduguyo,
Andati


Makongeni
Alhamisi, 15 Aprili 1993

Kaka,

Musau amekufa jana mchana. Ni mikono. Sumu yake ilipanda hadi moyoni. Walimpeleka hospitalini akiwa hatambui mtu.

Mzee Mbithi anachonga msalaba. Sijui kama barua yako iko njiani. Kama iko njiani, usiniambie imeandikwa vizuri.

N.


Eldoret
19 Aprili 1993

Nasambu,

Barua zetu zimepishana barabarani. Ulipokuwa unaandika hiyo yako, mimi nilikuwa hapa na bendeji kichwani nikijiona shujaa.

Nimehesabu mara moja tu, na sitahesabu tena. Ningeandika siku uliyoniomba, ile mistari mitano, angetoka seli wiki mbili kabla. Alikuwa na mikono iliyovunjika tu. Mikono iliyovunjika hutibiwa.

Sitaki kuisikia sauti ile tena. Polisi wamenirudishia kinanda, kesi ya Musau imekosa mshitakiwa. Nitakileta Jumamosi kwa gari la mizigo, lakini kabla sijakitoa hapa nitalifuta litungu. Kanisa litapata kengele na tarumbeta za kiwandani kama makanisa mengine. Nimeitengeneza mimi, imeua mtu, acha ife.

Sina la kukuomba. Nasema tu nimekosa, na najua neno lenyewe ni dogo.

Andati


Makongeni
Alhamisi, 22 Aprili 1993

Andati,

Natuma barua hii kwa mkono wa dereva wa lori ili ikuwahi. Usilifute.

Tulimzika juzi kwao Machakos. Mzee Mbithi hakulia. Aliushika msalaba wake mpaka shimo likajaa, kisha akauchomeka. Nilimwuliza kama anataka jino lake la muhugu, nikuambie uling'oe. Akasema, "Liache hapo hapo. Kila atakayepiga, limkwaruze kidole."

Watatu wale wa Muthurwa wamekamatwa. Matheka amewatambua. Kwa yaliyofanywa na kundi la Luseno hajakamatwa mtu. Askari aliniambia umati hauna jina. Nikamwambia wenye mawe nawajua kwa majina yao ya ubatizo. Akafunga faili.

Jana Luseno alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari. "Pole, Nasambu. Unajua ilikuwa ni mistake. Hata sisi tulidanganywa na ile barua." Kisha akaniuliza kama kinanda kitafika kabla ya Jumapili, maana kwaya haina kitu. Nilikuwa na maji ya moto jikoni. Sijui ni malaika gani aliyenishika mkono. Nilimrudishia sukari, nikamwambia kitafika, na awaambie wote waje, waketi mbele.

Sasa nisikilize, na mara hii fanya nilivyosema. Jumapili wewe ndiye utakayekipiga. Piga wimbo wa Mama, wote, kwa litungu. Ukimaliza waambie watu sauti hii iliponaje, betri ilitiwa na nani, na mikono ya nani. Usitaje hasira zako wala zangu. Kisha waambie unataka kuifuta, na ubonyeze.

Kinanda kitauliza, kama kawaida yake. Tafsiri swali lake kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, liwafikie hadi wa viti vya nyuma: Una hakika?

Halafu nyamaza. Usiguse kitu. Waache wakae nalo hadi watoto waanze kulia. Luseno hakuliuliza. Wewe hukuliuliza, ulimtukana aliyeliuliza. Mimi nilikuwa na jibu lake nikalificha nyuma ya jino bovu.

Ukiona wametosheka, bonyeza hapana. Kitufe hicho kiko pale pale, ubavuni mwa kile cha ndiyo. Musau ndiye aliyenionyesha.

Dada yako,
Nasambu